Madoido ya Karata: Mwongozo Kamili kwa Mwanamazingaombwe Anayeinukia

Nairobi ni jiji ambalo mtu akichanga karata kwa ustadi uliopita kiasi, walio karibu naye hushika mifuko yao kwanza na kushangaa baadaye. Sababu yake inajulikana. Mchezo wa pata potea, ule wa karata tatu zinazopangwa juu ya boksi kando ya kituo cha matatu huku washirika wa mchezeshaji wakijifanya wapita njia wenye bahati, umewafundisha wakazi wa hapa kwamba vidole vyepesi ni vidole vya kutiliwa shaka. Anayejifunza mazingaombwe ya karata katika jiji hili hana budi kulijua hilo kabla hajashika doido lake la kwanza.

Doido ni kitendo cha kuonyesha ustadi wa mkono waziwazi: karata zinafunguka kama pepeo, zinaruka kutoka mkono mmoja hadi mwingine, au zinajikata zenyewe ndani ya kiganja kimoja. Kiinimacho ni kinyume chake, kwa maana kazi ya mkono ipo lakini haionekani. Wapo wanaofanya madoido peke yake, bila kiinimacho chochote, na sanaa hiyo sasa ina jina lake, kadistri, na mabingwa wake, kama vile mapacha Dan na Dave Buck wa Marekani. Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili yao. Umeandikwa kwa anayetaka madoido machache yatakayokaa vizuri pembeni mwa viinimacho vyake, bila kuviharibu.

Nalisema hili la kuharibu kwa kuwa lilinipata. Mwaka wangu wa kwanza wa kuonyesha watu nilialikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa huko Buruburu, na kabla sijamwomba yeyote achague karata, nilimaliza karibu dakika nzima nikirusha, nikifungua na nikikata kwa mkono mmoja. Kisha nikamgeukia mjomba wa mtoto aliyekuwa akisherehekewa, nikamwambia, "Mzee, naomba uchague karata moja." Akatabasamu. "Mwanangu," akasema, "kwa mikono hiyo, hata nikichagua gizani utaijua tu." Watu wakacheka, na nilipoitoa saba yake ya kopa dakika mbili baadaye, hakuna aliyeshtuka, maana maelezo ya jambo lile walikwisha kuyapata kabla halijatendeka. Nitarudi kwa mzee huyo.

Karata za kuanzia

Karata za bei ndogo zinazouzwa na wachuuzi zinatosha kwa mchezo wa kadi jioni, lakini nyingi zina uso laini unaong'aa, na nyuso mbili za namna hiyo zikigusana huteleza kama fungu moja au hunata kabisa. Karata zinazopendwa na wanamazingaombwe ni za karatasi ngumu ambayo uso wake umekandamizwa vijishimo vidogo mno vinavyoshika hewa kati ya karata na karata. Ukiinamisha karata ya aina hiyo kwenye mwanga wa dirisha utaviona. Chapa ya kawaida ni Bicycle, iliyoanza kutolewa Marekani mwaka 1885. Ukishindwa kuipata, kipime unachouziwa kwa njia hii: weka pakiti mkononi, sukuma karata ya juu kwa gumba bila kukaza, na uangalie kama inatoka peke yake. Ikiburuta nyingine tatu, usiinunue kwa kazi hii.

Vipimo navyo vina maana. Karata pana zina upana wa takribani milimita 63 na urefu wa milimita 88, na zipo nyembamba zenye upana wa milimita 57 hivi. Mwenye mikono midogo asione haya kuanza na hizo nyembamba. Doido la mkono mmoja, ambalo wengi hulikata tamaa, mara nyingi linashindikana kwa sababu ya milimita hizo sita tu.

Nunua pakiti mbili za aina moja, moja ya kuchosha na nyingine ya kuonyesha. Pakiti mpya kabisa huteleza mno kiasi cha kukimbia mkononi, na baada ya siku chache za kushikwashikwa hutulia. Wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, karatasi hunyonya unyevu, karata huvimba na pepeo hutoka vipandevipande, kwa hiyo zirudishe kwenye kasha kila unapomaliza, na usiku weka kasha chini ya kitabu kizito. Usizibebe katika mfuko wa nyuma wa suruali ukipanda matatu. Pakiti iliyokaliwa kutoka Rongai hadi mjini hupinda kwa namna ambayo hainyooki tena.

Osha mikono, ikaushe, kisha subiri kidogo. Mafuta ya kujipaka ndiyo adui mkubwa zaidi, kuliko hata mafuta ya chapati, kwa sababu hatuyahesabu kama uchafu. Hata hivyo mikono mikavu kupindukia, kama ilivyo ya wengi wetu katika baridi ya Julai, haishiki kitu, na hapo inafaa kujipaka mafuta kidogo nusu saa kabla ya mazoezi ili ngozi iyanywe yote. Wapo wanaopaka karata unga wa zinki stiarati ili ziteleze sawasawa. Unafanya kazi, lakini vumbi lake hudhuru mapafu likivutwa, na mwanafunzi hauhitaji.

Mahali, muda na maumivu

Simama mbele ya kitanda, tandika leso juu yake, na ufanyie mazoezi yote hapo. Karata zitaanguka, tena sana, na kuziokota kitandani ni kazi ya sekunde tano ilhali kuziokota chini ya meza na nyuma ya mtungi wa gesi ni kazi ya kumkatisha mtu tamaa. Leso pia huzilinda pembe za karata, ambazo zikivunjika pakiti nzima huharibika.

Dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni zinashinda saa tatu za Jumamosi. Vidole hujifunza vikiwa vimelala, kwa maana kwamba doido lililokushinda usiku huja lenyewe kesho yake, na anayelazimisha kwa saa nyingi huishia kuzoeza kosa. Ukisikia maumivu chini ya gumba au kwenye kifundo cha mkono, acha siku hiyo. Uchovu wa misuli ni wa kawaida, lakini maumivu makali ya mshipa hayazoeleki na yanaweza kukaa miezi.

Baridi inafaa itajwe tena. Saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai vidole havikunjiki, basi shika kikombe cha chai kwa dakika chache kwanza. Cardini, mwanamazingaombwe mzaliwa wa Wales aliyepata sifa kubwa katika karne iliyopita, anasimuliwa kuwa alifanya mazoezi akiwa askari katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza huku amevaa glavu kwa ajili ya baridi, na baadaye akapanda jukwaani akifungua mapepeo ya karata akiwa amevaa glavu nyeupe za kiungwana. Sipendekezi glavu, lakini nikikumbuka habari hiyo naona haya kulalamikia baridi ya Nairobi.

Mishiko miwili inayobeba yote

Usilipite sehemu hii haraka. Mshiko wa mgawaji ni huu: pakiti imelala juu ya kiganja cha kushoto, kidole cha shahada kimekunjwa mbele kwenye upande mfupi ulio mbali nawe, vidole vitatu vilivyobaki vipo kwenye upande mrefu wa kulia, na gumba limelala kwenye upande mrefu wa kushoto au juu ya mgongo wa karata ya kwanza. Mshiko wa juu ni wa mkono wa kulia: kiganja kinatazama chini, gumba lipo katikati ya upande mfupi ulio karibu nawe, kidole cha kati na cha pete vipo upande mfupi wa mbali, na kidole cha shahada kimepumzika juu ya mgongo.

Hamisha pakiti kutoka mshiko mmoja hadi mwingine mara mia bila kuitazama, ukihakikisha kila mara kwamba karata zote 52 zimelingana kama tofali. Stima zikipotea jioni, usiwashe tochi ya simu mara moja. Fanya zoezi hili gizani. Anayejua kulinganisha pakiti kwa kugusa tu tayari amewapita wengi wanaotafuta madoido ya kurukaruka mtandaoni.

Mkato wa kuzungusha

Hili ndilo doido la kwanza, na uzuri wake ni kwamba halionekani kama majigambo. Shika pakiti kwa mshiko wa juu. Kwa ncha ya kidole cha shahada inua takriban nusu ya karata kwenye pembe ya mbele iliyo kushoto, kisha uliache fungu hilo lizunguke kuelekea kushoto, gumba la kulia likiwa ndilo bawaba. Fungu linatoka nje kama mlango wa ua unaofunguka, na mkono wa kushoto unalipokea katika panda iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Weka fungu lililobaki juu yake, na mkato umekamilika.

Kosa la kawaida ni kuinua fungu kwenda juu badala ya kulizungusha kando. Mafungu mawili yanapaswa kutelezeana bila kuachana. Wiki moja inatosha, na baada ya hapo usikate karata kwa namna nyingine yoyote, hata unapocheza na watoto nyumbani.

Mkato wa mkono mmoja

Mkato huu umepewa jina la Charlier, mchezaji karata wa karne ya 19, na ndio unaowafanya watu waseme "rudia." Nitaueleza polepole, kwa kuwa maelezo mengi hukosea pale pale panapohitaji uangalifu.

Anza na mshiko wa mgawaji katika mkono wa kushoto, kisha ipandishe pakiti hadi ncha za vidole, ili kati ya karata na kiganja kuwe na nafasi ambayo ndimu ndogo ingeweza kukaa. Gumba linashika upande mrefu wa kushoto karibu na katikati, kidole cha kati na cha pete vinashika upande mrefu wa kulia, kidole cha mwisho kinazuia upande mfupi wa nyuma, na cha shahada kiko mbele. Asilimia kubwa ya kushindwa hutokea hapa, kabla hata hakijasogezwa chochote, kwa sababu mwanafunzi ameacha pakiti ikae chini sana ndani ya kiganja.

Sasa legeza gumba kidogo. Nusu ya chini ya pakiti inaachia upande wa gumba na kuangukia kiganjani, ilhali nusu ya juu imebaki imeshikwa. Kiingize kidole cha shahada chini ya fungu lililoanguka, uusukume juu ule upande wake ulio karibu na vidole, uelekee kwenye gumba. Fungu linasimama wima, likiegemea kiganja kama mlango ulio na bawaba upande wa gumba. Endelea kusukuma. Kuna sekunde moja ambapo ukingo wa fungu linalopanda unaligusa gumba na kulipita lile fungu la juu, na hapo hapo fungu la juu linajiachia na kushuka chini. Usilisukume, litashuka lenyewe. Ukiharakisha kabla ya sekunde hiyo, mafungu yanagongana na karata zinamwagika kitandani. Ukichelewa, unabaki umeshika paa la nyumba lisilo na kuta. Fungu la juu likishatua, lilaze lile lililosimama juu yake, rudisha kidole cha shahada mbele, na ulinganishe.

Kwa siku tatu za kwanza tumia karata thelathini tu badala ya 52. Kila siku ongeza tano. Na unapolijua kwa mkono wa kushoto, lianze upya kwa mkono wa kulia, ambao utakuwa kama wa mtu mwingine. Wenye kuyafanya yote mawili kwa pamoja wanapendeza, ila doido hilo la mikono miwili linafaa zaidi kwenye kioo chako kuliko mbele ya watu.

Kupepea

Neno letu ni zuri hapa, kwa kuwa kipepeo ni mdudu na pia ni pepeo dogo la kujipepea, na karata zikifunguka sawasawa zinafanana na vyote viwili.

Simamisha pakiti katika mkono wa kushoto, nyuso zikitazama watu, migongo ikikutazama wewe. Gumba la kushoto linalala bapa juu ya migongo, chini kidogo ya katikati, na vidole viwili vya kwanza vinalala juu ya nyuso sehemu hiyo hiyo upande wa pili. Huo ndio mhimili. Gumba la kulia liweke kwenye ukingo wa kushoto karibu na pembe ya juu, kisha lisafiri kwa duara kwenda kulia na kushuka chini, likizikokota karata moja baada ya nyingine.

Siri yote ipo kwenye gumba la kushoto. Likikaza, karata zinatoka katika vitita vitatu au vinne na pepeo linakuwa na mapengo kama meno ya mzee. Likilegea mno, pakiti nzima inazunguka pamoja. Unatafuta mkazo ule ambao ungeutumia kushika yai bichi, na hata hilo halitoshi kulieleza. Namna niliyopata kuujua ni kufungua pepeo mara ishirini nikikaza zaidi kila mara, kisha mara ishirini nikilegeza zaidi kila mara, na kuangalia ni wapi katikati karata zilianza kuachana zenyewe. Siku ya pili mkono ulikumbuka.

Angalia pia mwelekeo. Namba na alama za karata nyingi zimechapwa kwenye pembe mbili tu zinazokabiliana, kwa hiyo ukifungua kuelekea upande mmoja namba zote zinaonekana, na ukifungua kinyume chake zinajificha na nyuso zinakuwa karibu nyeupe tupu. Wanaoonyesha karata "zinazofutika" hutegemea jambo hili hili, na ni mfano mzuri wa doido linalogeuka kuwa kiinimacho bila kubadilisha chochote mkononi. Kulifunga pepeo nako ni sehemu ya doido: weka kiganja cha kulia kwenye ukingo wa karata ya mwisho na uzifunge kwa mwendo mmoja, bila kuzigongagonga.

Mtandazo

Huu ni mwepesi ukiwa na kitambaa na hauwezekani juu ya meza tupu ya mbao. Blanketi lililokunjwa mara mbili linatosha. Weka pakiti kwa mshiko wa juu, acha kidole cha shahada cha kulia kishuke hadi kiguse ukingo mrefu wa kushoto, kisha usogeze mkono kulia kwa mwendo usiobadilika huku kidole hicho kikiziachia karata. Ukisimama hata kidogo katikati ya safari, pengo litakaa hapo. Ili kuugeuza wote, inua karata ya mwanzo kwa ukingo wake hadi isimame, nayo itazibeba nyingine kama wimbi. Wageni wa nyumbani hupenda doido hili kuliko yote, nami sijui kwa nini, maana ni la mwisho kwa ugumu.

Karata zinazoruka

Kila mtoto aliyewahi kuona filamu ya kamari anataka doido hili kwanza. Ndiyo maana nimeliweka hapa.

Shika pakiti katika mkono wa kulia kwa mshiko wa juu, ila badala ya katikati ya pande fupi, gumba lishike pembe moja ya karibu na kidole cha kati kishike pembe ya mbali inayoikabili kwa mshazari. Pembe hadi pembe karata hupinda kwa urahisi zaidi. Minya hadi pakiti ipinde kama upinde, tumbo likielekea kiganja cha kushoto, ambacho kipo chini yake umbali wa sentimita tano tu, vidole vikiwa vimekunjwa kama bakuli. Endelea kuminya huku ukiachilia ncha ya kidole cha kati kidogokidogo, na karata zitaanza kutoka moja moja na kujitupa ndani ya bakuli.

Usipanue umbali huo kwa siku nne nzima. Najua utapanua siku ya kwanza. Sisi sote tulipanua. Lakini sauti itakuambia ukweli: karata zikitoka sawasawa husikika kama kitambaa kizuri kinachochanwa, na zikitoka kwa vitita husikika kama mtu anayepiga kofi. Ukiisikia ile sauti ya kwanza mara kumi mfululizo, ongeza sentimita mbili. Sentimita ishirini zinatosha kabisa kwa sebule yoyote. Wanaoonyesha umbali wa mkono mzima mara nyingi wanazungusha mwili na kuisogeza mikono yote miwili wakati karata zikiwa hewani, na jicho la mtazamaji ndilo linalorefusha lililobaki.

Doido hili hukunja karata. Kila baada ya mara kumi igeuze pakiti, nyuso zikitazama juu, urushe hivyo mara kumi, ili upinde mmoja uufute mwingine.

Kusuka

Mwenye subira ajifunze kusuka, yaani kuingiza mafungu mawili, moja ndani ya jingine, karata kwa karata. Yagawanye sawa, 26 na 26, yalinganishe kwa kugonga pande fupi mezani, kisha gusanisha pembe mbili za mafungu hayo na usukume kwa upole huku ukiyachezesha mafungu hadi yaanze kuingiana kama meno ya zipu. Ukisuka sawasawa kabisa mara nane, karata ya juu kabisa ikibaki juu kila mara, pakiti yote 52 inarudi katika mpangilio wake wa mwanzo. Hiyo ni hesabu, na ndiyo njia bora ya kujipima: anza na pakiti iliyopangwa, suka mara nane, uone umekosea wapi. Mimi nilichukua miezi mitano, na bado huwa nakosea mvua ikinyesha.

Inashangaza kulinganisha na kuchanga kwa kawaida, kule kwa kuachia karata kwa magumba kutoka mafungu mawili. Wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba uchangaji huo wa kawaida unahitaji kama mara saba ili pakiti ichanganyike vya kutosha. Diaconis mwenyewe alianza maisha kama mwanamazingaombwe.

Yanayoweza kusubiri

Mikato ya mikono miwili yenye mafungu manne au matano, kama ule uitwao Sybil wa mwanamazingaombwe Mmarekani Chris Kenner, ni mizuri na itakula mwaka wako. Kurusha karata mbali ni mchezo wa kiwanjani. Mmarekani Rick Smith Jr. alirusha karata moja karibu mita 66 mwaka 2002, na karata yenye kasi hiyo inaweza kuumiza jicho la mtu, kwa hiyo haina nafasi katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto.

Jinsi ya kujua umefika

Kioo kinadanganya, kwa sababu unajitazama ukijua kinachokuja. Egemeza simu kwenye chupa ya maji, jirekodi mara tano mfululizo bila kukata, kisha tazama mara moja tu bila sauti. Angalia uso wako kwanza kabla ya mikono. Ikiwa ulimi umetoka, au macho yameganda kwenye karata, doido hilo bado halijaiva hata kama karata hazikuanguka. Kipimo changu ni hiki: lifanye ukizungumza na mtu kuhusu jambo lisilohusu karata, kama vile nauli iliyopanda au mechi ya jana, bila sentensi yako kukatika. Ukiweza mara tisa kati ya kumi, linaweza kutoka nje ya chumba.

Mahali pa doido ndani ya kiinimacho

Sasa nirudi Buruburu. Karibu mwaka mmoja baadaye nilialikwa tena katika nyumba ile ile, na mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile. Safari hii nilitoa karata kwenye kasha, nikampa azichange mwenyewe, nikazipokea kwa mkono mzito kama wa mtu anayegawa kadi kwa majirani. Nikafanya kiinimacho kimoja, cha karata iliyochaguliwa kuonekana ndani ya kasha ambalo mzee alikuwa amelikalia. Alinyamaza, akalishika kasha, akalitazama ndani. Baada ya hapo ndipo nilipofungua pepeo moja, nikamwomba aangalie kama karata zote zipo. Hakusema chochote kuhusu mikono yangu. Alitaka kujua niliiingiza karata ndani ya kasha lile lini.

Kutokana na siku ile nimekuwa na mpango ambao sijapata sababu ya kuuacha. Kiinimacho cha kwanza hakina doido lolote, hata mkato wa kuzungusha. Baada yake, watu wakiwa bado wanazungumza wao kwa wao, ndipo panafaa pepeo au mkato wa mkono mmoja, kwa kuwa wakati huo doido linawapumzisha na kuwakusanya tena bila kueleza lililokwisha kutendeka. Kiinimacho cha pili nacho kinaanzia kwenye karata zilizochangwa na mtazamaji. Karata zinazoruka ninaziweka mwishoni kabisa, na mara nyingine siziweki.

Usilitumie doido kuficha kazi ya siri. Mwendo mkubwa huvuta macho, na macho yakishavutwa hayaondoki kwa sababu tu wewe sasa unataka yaondoke. Kazi ya siri inataka mkono uliotulia katika sentensi ya kawaida.

Jambo la mwisho linahusu pesa. Marafiki waliokuona ukirusha karata wasikuone ukikaa nao kwenye mchezo wa dau, hata la shilingi ishirini. Ukishinda watasema umewaibia, nawe hutakuwa na la kujitetea. Na ukiona duara la pata potea limekusanyika kando ya barabara, usitoe pakiti yako mfukoni karibu na hapo kwa sababu yoyote ile, maana washirika wa mchezeshaji watakuchukua kuwa mshindani na wapita njia watakuchukua kuwa mshirika.

Ukimaliza onyesho, tandaza karata zote mezani nyuso zikiwa juu, mwachie aliyekuwa na mashaka zaidi azikusanye kwa mikono yake, kisha umpe kasha azirudishe mwenyewe.